Waliozimwa Kinyaa

Tusekile Mwambene alitapika kwenye sinki la maabara mbele ya wenzake wote, na wenzake wakaendelea kula makande.

Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Ramla Shekilindi, rafiki yake wa meza moja, aliinuka kabisa akaja kumshika mgongo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado na kijiko. Akamsugua taratibu huku anatafuna, akameza, kisha akainama kuchungulia kilichotoka.

"Maharage hata hayajasagika," alisema. "Unakula haraka mno, shoga yangu."

"Toka hapa, Ramla. Nakuomba, toka."

Ilikuwa Alhamisi, siku ya chakula cha mezani. Katika Chuo cha Ubongo cha Lwangu, huko juu kwenye baridi ya Njombe, wanafunzi wa uzamivu walikula mchana wa siku hiyo kwenye meza ileile waliyokatia bongo asubuhi. Trei hazikuondolewa. Zilisukumwa pembeni kidogo, sahani zikapata nafasi. Ilikuwa desturi ya kujivunia, na mwanafunzi mpya aliyemaliza sahani yake huku kiwiko kikigusa trei alipigiwa makofi, akaambiwa ameiva. Ameiva! Watu wazima na akili zao, kila mmoja na shahada mbili, wanapongezana kwa kula karibu na ubongo wa kondoo uliolala kwenye majimaji ya rangi ya mkojo.

Kilichowaivisha ni kilemba. Kila Jumatatu na Ijumaa walikaa kwenye viti vya ukumbini wakafungwa kichwani kitambaa chenye vidude vya duara, na vidude vile vikapeleka mawimbi ya sauti isiyosikika hadi ndani kabisa, kwenye mkunjo wa ubongo ambao wataalamu wanauita kisiwa. Kinyaa cha binadamu kinakaa humo. Mawimbi yakishapita, kisiwa kinatulia kwa siku kadhaa. Pua inanusa kama kawaida, macho yanaona, ulimi unaonja, lakini ile "ptuu!" haipandi kooni. Zamani, kabla ya kilemba, wanafunzi walikuwa wakiyakimbia mafunzo mara tu fuvu bichi linapofunguliwa mbele yao. Sasa hakimbii mtu. Profesa Nyagawa, aliyekibuni na, kwa maneno yake mwenyewe, kukijaribu kwanza kichwani mwake, alipenda kuwaambia kwamba mtafiti anayeziba pua ameshaanza kuyapotosha matokeo yake, nao waliyaandika maneno hayo hadi kwenye fulana.

Tusekile alikivaa miaka mitatu, akawa wa mfano. Alipopata mimba wakamvua, kwa kuwa hakuna aliyejua mawimbi yale yangemfanya nini mtoto. Akapewa likizo, akaenda kwao Tukuyu, na akiwa huko kinyaa kikarudi kidogo kidogo, na mimba ikakiongezea nguvu. Leo ndiyo alikuwa amerudi kazini, mimba ingali tumboni. Alisukutua mdomo, akafuta machozi kwa mkono wa koti, akawatazama wenzake. Mmoja alikuwa amedondosha punje ya hindi kwenye trei. Aliiokota, akaikung'uta, akaila.

"Mungu wangu," Tusekile alisema, akatoka nje mbio.

*

Alikwenda wodini kumsalimu Mzee Chengula, maana ndiye aliyemkumbuka sana huko nyumbani.

Mzee Chengula alikuwa mwalimu wa kwaya, mikono ikaanza kutetemeka mpaka akashindwa kushika kikombe cha chai, sembuse kuongoza waimbaji. Alijitolea kwenye jaribio la Profesa kwa moyo mweupe. Wakamtoboa fuvu juu ya sikio, wakapitisha waya mwembamba hadi ndani, na mitetemo ikakoma siku hiyohiyo. Mkewe, Mama Enes, alipiga vigelegele wodi nzima ikasikia. Waya ule ulifanya kazi mbili. Ulituliza mikono, na pia ulileta nje mazungumzo ya ubongo wa mzee, mistari safi kwenye kioo ambayo hakuna chuo kingine kilichowahi kuipata. Wanafunzi waliishi kwa mistari ile. Tasnifu tano zilikuwa zimesimama juu yake, ya Tusekile ikiwemo.

Harufu ilimpokea kabla hajagusa kitasa.

Ilikuwa tamu. Utamu wa papai lililolala juani, na chini yake kitu cha samaki, na chini kabisa kitu cha shimo. Aliziba mdomo kwa kanga akaingia. Dirishani palikuwa na vipande vya ndimu vilivyokauka, na kando ya kitanda chetezo cha ubani kilichozimika. Mama Enes alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejifunika kanga hadi puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Mungu akutunze."

"Mzee anaendeleaje?"

"Si huyo. Analala tu. Jana aliniita kwa jina la dada yake marehemu."

Mzee Chengula alikuwa amelala kifudifudi nusu, mdomo wazi, ngozi ina joto ukiikaribia tu. Mikono yake imetulia tuli. Tusekile alivaa glavu, akaifungua bandeji pole pole, na tabaka la mwisho likagoma kuachia. Lilikuwa limegandana na nywele. Alipolivuta, usaha ukatoka wa kijani uliochanganyika na damu nyeusi, ukateremka nyuma ya sikio hadi kwenye mto. Kidonda kilikuwa kimeachama. Waya ulikuwa umesimama katikati yake, na kila mzee alipovuta pumzi, waya ulicheza.

Alifika kwenye beseni, akatapika mara ya pili. Na hapo, ameinama vile, ndipo akakumbuka.

Alikuwa amekiona kidonda hiki. Kabla ya kwenda likizo, kilemba bado kikimfanyia kazi kichwani, ndiye aliyekuwa akikisafisha. Usaha ulikuwapo tayari, mchache, wa manjano. Aliufuta kwa pamba, akaona umebaki kwenye ukingo, akaukwangua kwa ukucha. Ukucha mtupu! Harufu aliisikia pia, hii hii, ya papai na samaki, nayo ikampita kama habari ya hali ya hewa ya nchi ya mbali. Kisha akajifuta kidole kwenye koti, akaenda kantini kula andazi. Kumbukumbu ile ilikuwa imekaa kichwani muda wote bila kumsumbua, na sasa ilimjia na kinyaa chake chote, kwa mpigo mmoja. Alijikwangua ulimi kwa meno. Alitamani aukate mkono ule autupe.

"Mama, harufu hii ilianza lini?"

"Ilianza kabla hujaenda kwenu."

"Mbona hukusema?"

Mama Enes alishusha kanga, akamtazama. "Nimwambie nani? Nyinyi mlikuwa mnaingia mnacheka, mnaandika, mnatoka. Mmoja alikuja na muhindi wa kuchoma, akaula amekaa hapo ulipo. Nikajiambia mwenyewe, Bahati wewe, pua yako ni ya kishamba, wasomi hawajasikia kitu. Nikanunua ndimu."

Mlango ukafunguliwa, Ramla akaingia na kishikwambi chake kuja kuchukua vipimo vya mchana. Akasimama kando ya kitanda, akatazama kidonda wazi, akatazama kioo.

"Leo mistari imenyooka hiyo!" alisema. "Hebu ona, Tuse."

"Ramla, husikii harufu?"

"Ipo. Kama dagaa waliolowa. Ipo muda sasa."

"Na joto lake?"

"Profesa alisema ni mwili unauzoea waya."

"Na ile harufu haikukuambia chochote?"

Ramla alifikiri kwa dhati kabisa, kipaji cha uso kimekunjamana, maana alikuwa binti mwenye akili na mpenda haki. "Iniambie nini, Tuse? Ni harufu."

*

Profesa Nyagawa alimsikiliza hadi mwisho. Ndiyo ilikuwa tabia yake, hakuwahi kumkata mtu kauli. Alikuwa mtu msafi, kucha zake zimekatwa vizuri, na wanafunzi walimpenda kwa sababu alijua majina ya wazazi wao.

"Mwanangu," alisema, "mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza alinifukuza chumbani. Alisema nanuka kitunguu. Sikuwa nimekula kitunguu mwezi mzima."

"Profesa, mzee anaoza. Anaoza akiwa hai."

"Kuna maambukizi madogo, nayafahamu. Nimemwandikia dawa."

"Dawa haitoshi, waya lazima utoke leo hii. Twende ukaone mwenyewe. Ukiona na ukaniambia ni mimba, nitanyamaza."

Alisita, akainuka. Wakaongozana koridoni hadi wodini, yeye mbele, Tusekile nyuma na kanga yake puani. Profesa aliingia, akamsalimu Mama Enes kwa heshima zote, akamwomba awapishe kidogo, akainama juu ya kichwa cha mgonjwa.

Sasa, mafunzo ya mwaka wa kwanza pale Lwangu yalikuwa ya kusoma nyuso. Kabla hujagusa ubongo, ulikaa miezi ukitazama picha za watu wakionjeshwa shubiri na kunusishwa mizoga, mpaka ukaweza kuona kinyaa kikipita usoni mwa mtu hata akijitahidi kukificha. Mdomo wa juu hupanda kidogo upande mmoja. Pembeni mwa pua hukunjika. Koo humeza mate ambayo hayapo. Tusekile alikuwa wa kwanza darasani kwa kazi hiyo, na Profesa mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Mdomo wa juu wa Profesa ukapanda. Pua ikakunjika. Koo likameza. Kisha akaufungua mdomo kidogo, akaanza kuvutia pumzi humo, taratibu, kama afanyavyo mtu anayepita jalalani.

Mtu aliyezimwa kinyaa havutii pumzi mdomoni. Ya nini?

"Profesa," Tusekile alisema. "Wewe huvai kilemba."

Profesa alichukua shashi akajifuta vidole, kimoja kimoja, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Hujawahi kukivaa. Kila siku unakuja hapa, unanusa, unajua."

"Lazima mmoja abaki na pua, Tusekile. Vinginevyo nani angejua wakati wa kusimamisha?"

"Na utasimamisha lini?"

"Wiki ijayo. Wageni wanaotufadhili wakishaondoka." Alisema hivyo bila aibu, kwa ile sauti yake ya upole ya darasani. "Wanakuja kuona mistari hii. Wakiiona, mafunzo yanaendelea, na watu wengi wenye mikono inayotetemeka watashika vikombe. Waya ukitoka leo, hawaoni kitu. Mzee ana nguvu, atafika."

"Hatafika!"

"Punguza sauti. Keti." Yeye mwenyewe hakuketi. "Sikiliza. Ukijifungua utarudi, utavaa kilemba, na nitakuweka wewe uwe mkuu wa mafunzo. Nina hakika utaweza. Na hili linalokuchafua moyo leo litapita, hutalisikia tena. Nimewaona wengi. Ndiyo neema ya kitu kile, mwanangu. Ama utoke na mzee getini, useme huko unachotaka kusema. Watafunga mafunzo, na wenzako wataondoka mikono mitupu. Watauliza pia ni nani aliyekuwa anasafisha kidonda hiki kilipoanza. Nadhani unamjua."

Tusekile alimtazama. Kidonda kilikuwa kinanuka, ndiyo, lakini kidonda ni nyama, nyama hufanya hivyo, haina kosa. Mtu huyu msafi ndiye aliyemfanya ajisikie ametambaliwa na kitu chini ya nguo. Ramla na wenzake walipita hapa wakicheka kwa kuwa wamezimwa. Huyu hakuzimwa. Huyu alisikia kinyaa kila siku, akakimeza kama dawa chungu, akaenda zake kunywa chai. Na kilichomtia hofu zaidi ni kwamba alichoahidiwa kilikuwa kweli. Angekivaa kilemba, na jambo hili lingegeuka kuwa habari tu, na yeye angelala usingizi mzuri.

"Nenda kapumzike," Profesa alisema. "Tutaongea kesho."

Akatoka, na huko koridoni Tusekile alimsikia akivuta pumzi ndefu kupitia puani.

*

Alimkuta Ramla anaosha sahani za makande kwenye sinki lilelile.

"Nataka ufunguo wa ile pikapu ya kubebea panya wa maabara," alimwambia. "Nampeleka Mzee Chengula hospitali ya wilaya. Sasa hivi."

Ramla alifunga bomba. Tusekile akamweleza yote, harufu, usaha, ukucha wake, uso wa Profesa. Ramla alisikiliza kwa makini, na usoni mwake hakikupita kitu chochote.

"Tutafukuzwa," alisema mwishowe.

"Mimi nitafukuzwa. Wewe nipe ufunguo tu."

"Wewe huwezi kuendesha ile, gia yake inataka kubembelezwa." Ramla alijifuta mikono. "Nakwambia ukweli, Tuse, sisikii kitu. Unavyoniambia ulikwangua, mzee anaoza, Profesa alijua akanyamaza, naelewa kila neno, ila hapa," akajigusa kifuani, "kimya. Naogopa kimya hicho. Lakini wewe nakuamini kuliko ninavyoiamini pua yangu. Twende."

Mama Enes hakuuliza swali hata moja. Alivuta mfuko kutoka uvunguni, nguo za mumewe zimekunjwa vizuri ndani yake, kumbe alishazifunga siku nyingi akisubiri mtu wa kumwambia neno. Wakamtoa mzee na godoro lake, mchana kweupe, kupitia mlango wa jikoni. Waya ulipochomolewa kwenye mashine, mistari kwenye kioo ikalala, na mikono ya mzee ikaanza kutetemeka juu ya blanketi, yote miwili, kwa nguvu. Mama Enes akaishika. Aliishika hivyohivyo njia nzima.

Mlinzi wa getini alitoka kibandani akanyoosha mkono kuwasimamisha. Akasogea dirishani, upepo ukampiga usoni kutoka nyuma ya gari. Akaruka hatua nzima.

"Lahaula! Mmebeba nini humo?"

"Mgonjwa," Tusekile alisema.

Mlinzi aliufungua mnyororo huku ameziba pua kwa kofia.

Barabara ilikuwa ya tope, gari likinuka panya, na Tusekile alikaa nyuma na mgonjwa, kichwa cha mzee amekipakata kwa uangalifu ili waya usiguse kitu. Usaha ulikuwa unamwingia kwenye sketi. Alitapika mara mbili pembeni mwa gari, akarudi akakishika tena. Kila pumzi ilimuumiza. Hakuziba pua tena, maana aliona anastahili kuisikia harufu ile.

*

Hospitali ya wilaya walipokelewa na daktari wa zamu, kijana mwembamba aliyeonekana hajalala vya kutosha. Alisoma joto, akaguna. Akaagiza maji ya mishipa, akaita chumba cha upasuaji wajiandae, kisha akavaa glavu, akaikata bandeji.

Akarudi nyuma. Alifika dirishani bila kujua amefikaje, kiganja mdomoni, mabega yakimpanda na kushuka. Mdomo wa juu umemnyanyuka, pua imekunjamana, macho yamejaa maji. Nesi aliyesimama karibu naye alisema "Yesu!" akageuza uso ukutani.

Tusekile aliwatazama wale wawili na kitu kikamlegea kifuani. Tangu arudi kazini alikuwa hajaona sura ya binadamu ikifanya inavyopaswa kufanya mbele ya jambo kama lile. Alikuwa amekaribia kuamini kwamba ni mimba kweli. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Daktari alirudi kitandani. Alifanya kazi haraka, mikono yake ikiwa imara kuliko uso wake. Alipokwisha kukifunika kidonda alivua glavu, akawageukia.

"Ataishi?" Mama Enes aliuliza.

"Sijui, mama. Mngemleta wiki iliyopita ningekujibu vizuri." Akamtazama Ramla, aliyesimama mlangoni ameshika ufunguo, uso mkavu. Akamtazama Tusekile na koti lake la chuo na sketi iliyolowa. "Hiki si kidonda cha jana. Kuna mtu alikiona kinaanza, tena kwa karibu. Nani alikuwa anakisafisha?"

Ramla alifungua mdomo aseme kitu. Mama Enes aliinamisha macho, maana alijua, na hakutaka kuwa yeye wa kusema.

"Mimi," Tusekile alisema.

Daktari akamgeukia. Uso wake ulikuwa haujakunjuka bado, nao ukabaki hivyohivyo, mdomo wa juu umenyanyuka, ukimtazama yeye sasa. Tusekile hakuugeuzia kisogo.